Kitenge Juu, Ongeza

Jumatatu, 3 Juni

Chai. Nimesahau sukari, nimeinywa hivyo hivyo. Hakuna wa kulalamika ila mimi, na mimi nimechoka kujisikiliza.

Haji Sefu amekuja karakana kabla sijafungua dirisha. Boti yake mpya ya mbao inakaribia kuteremshwa ziwani. Itabeba watu na mizigo, Uvira mpaka Baraka, na anataka muziki. Si wa kuburudisha abiria. Ni wa kutangaza. Huku kwetu boti ikifika kimya ni kama imekuja kuiba: wabebaji wanabaki wamelala na wenye mizigo wako nyumbani. Kila boti inajulikana kwa mlio wake kabla haijaonekana.

Ameleta ampli, mashine ya kukuza sauti, aliyonunua Bujumbura, imeandikwa wati elfu tano. Nimefungua kifuniko nikamwonyesha fyuzi yake. Fyuzi ya mashine ndogo. Kitu kinachokula kidogo hivyo hakiwezi kutoa elfu tano, hata kikiapa. Amenuna.

"Fundi, minye nataka wanisikie Baraka mbele sijafika."

Nimesema watamsikia. Nimesema upesi mno, na najua kwa nini.

Mke wangu yuko Baraka. Alikwenda kwa binti yetu Neema alipojifungua mapacha. Alisema angerudi mvua zikianza. Zimeanza, zimekata, vumbi limerudi barabarani hapa mtaani kwetu Mulongwe. Kwa simu namuuliza habari za watoto. Lini anarudi, siulizi. Naogopa jibu.

Jumatano, 5 Juni

Nimemshinda Haji. Ampli mbili za wastani badala ya ile moja ya maandishi. Moja ya besi peke yake, moja ya sauti za waimbaji na magitaa. Moja ikifa, boti inafika bandarini na nyingine.

Waya za umeme zinapita ubavu wa kushoto wa boti, za muziki ubavu wa kulia. Zikilala pamoja, injini inaimba ndani ya bafle, yaani spika, na hakuna mwimbaji wa kuishinda. Fundi mmoja wa magari alisimama kunitazama. Akauliza waya mweusi nitaufunga kwenye chuma gani, kama kwenye gari. Nikamwambia atafute chuma katika mbao hizi, akikipata anipigie. Kwenye boti waya unarudi mpaka kwenye batri. Ameondoka bila kuaga. Nilikuwa mkali bure. Siku hizi niko hivyo.

Jioni nimempigia Mama Neema. Watoto wanalia wote wawili. "Ngoja, ntakupigia." Hakupiga.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kusawazisha sauti. Kazi ya watu wawili, na mimi ni mmoja.

Miaka yote nimekaa kwenye vitufe na yeye ametembea mbali, pale sauti inapopaswa kufika, na kitenge mkononi. Kitenge juu: ongeza. Kitenge chini: punguza. Mkono wa kulia ni sauti nyembamba, wa kushoto ni besi. Akikitupa begani, basi, usiguse tena. Tumefanya harusi na matanga hivyo, bila kupigiana kelele. Watu walifikiri tunagombana kwa ishara.

Leo nimezungusha kitufe, nimeruka chini, nimekwenda mpaka kwenye uzio, nimesikiliza, nimerudi. Nikifika kwenye ampli nimeshasahau nilichosikia. Tena. Tena. Maseremala wakacheka: "Fundi, nani anakufukuza?" Nimemwomba mmoja anisikilizie. Kila nikiuliza, "Iko bien," iko sawa. Hata nilipozima upande mmoja, iko bien.

Mwishowe imekubali. Boti bado iko nchi kavu, nyuma yake ukuta wa depo ya mizigo, juu yake mlima. Besi ilikuwa nyingi mno nikaipunguza, nikapandisha waimbaji. Ikawa tamu. Nimegeuka kumwambia mtu. Nimeona ukuta.

Wimbo wa kwanza nimeweka ile rumba ya zamani anayoimba akiosha vyombo. Ataisikia kutoka ziwani. Atajua ni mkono wa nani. Atafunga mzigo wake. Ndiyo mawazo yangu, na mvi zote hizi.

Jumatatu, 10 Juni

Boti imeondoka. Haji amesoma dua, kapiteni amewasha muziki, watu wameshangilia. Nimesimama mpaka imekuwa nukta.

Simu mfukoni mchana wote. Kimya.

Jumanne, 11 Juni

Amepiga. Meno ya mapacha, kikohozi cha Neema, bei ya unga. Mimi nangoja. Halafu:

"Baba Neema, ile boti mupya ya Haji ilifika hapa jana. Inalia kama sahani ya bati. Ni nani aliitengeneza?"

Nimesema sijui.

Nimekata simu nikakaa juu ya bafle bovu. Nina haya, na nina hasira, na sijui hasira ni ya nani.

Jumatano, 12 Juni

Haji amekuja uso umekunjamana. Wabebaji wa Baraka wanaiga mlio wa boti yake kwa kugonga sufuria. Nimemwacha aseme.

Nimeshajua kosa. Sikusawazisha muziki, nilisawazisha ukuta. Kule uwanjani depo na mlima vilinirudishia besi, nikaona imezidi, nikaikata. Ziwani hakuna cha kurudisha kitu. Besi imekwenda zake, wamebaki waimbaji wanapiga mayowe. Sisi watu wa Uvira mlima uko mgongoni kwetu tangu kuzaliwa, hatukumbuki kuwa unachangia.

"Sasa utaenda nayo," amesema Haji. "Utatengenezea mulemule."

Mimi hupanda boti zikiwa zimefungwa kamba tu. Ziwa linanitapisha, mji mzima unajua. Ndiyo maana hata mapacha sijawaona. Nimekubali. Mama Neema sijamwambia.

Ijumaa, 14 Juni. Baraka, nyumbani kwa Neema

Nimetapika tangu Kalundu, bandarini kwetu. Kapiteni, mtu mpole, alinipa limao ninuse na hakucheka mbele yangu.

Nikapandisha besi. Nikashusha waimbaji. Lakini bafle ziko juu ya kichwa changu. Aliye karibu hivyo hajui kitu. Wa mbali ndiye anayejua, na mbali palikuwa na maji tu. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na boti imejaa watu.

Tulipokaribia Baraka kapiteni akaniashiria nifungue muziki. Rumba ikaanza. Ufukoni wabebaji, wauza dagaa, watoto. Katikati yao, kitenge cha njano. Kimeshuka. Mkono wa kulia.

Nikadhani jua limenichanganya. Kikashuka tena. Nikapunguza waimbaji. Mkono wa kushoto, juu. Nikaongeza besi. Juu tena. Nikaongeza kidogo. Kisha akakitupa begani.

Nikaondoa mikono kwenye vitufe, nikainama. Kapiteni aliuliza kama bado ni tumbo. Nimesema ndiyo.

Nilipoteremka alinishika mkono maana miguu ilikuwa bado inaelea. Nikamuuliza alijuaje kama ni mimi.

"Ule wimbo, nani mwengine angeuweka? Nilijua ni weye toka siku ya kwanza."

"Sasa ile sahani ya bati?"

"Ingelikuwa nzuri, ungelikuja?"

Amekonda, au ni mimi niliyesahau. Mapacha wana masikio yangu, maskini.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimeuliza. Tulikuwa tunachambua maharage. Nimeuliza bila kumtazama.

Harudi. Si kwamba hataki, amesema, na namwamini. Mume wa Neema yuko machimboni, habari zake zinakuja zikitaka. "Neema iko peke yake na batoto wawili. Siwezi kumuacha. Sikutaka kukwambia mu simu."

Nimesema siwezi kuhamia huku, nina karakana. Amesema, "Minye najua." Nimemtajia gharama ya kuanza upya kwa mtu wa umri wangu. Amesema anajua. Nilitaka abishe ili nipate kukasirika vizuri. Hakubisha.

Nimekwenda kukaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Nimelia kidogo. Mbuzi mmoja ameniona.

Jumapili, 16 Juni

Tumeondoka baada ya misa. Mama Neema amenisindikiza, pacha mmoja mgongoni. Hatukuagana sana. Ameniwekea limao mfukoni.

Boti ikarudi nyuma, ikageuka, nikafungua muziki kwa kipimo kile kile alichochagua. Yeye ufukoni. Kitenge kikapanda juu.

Nikaongeza. Bado kiko juu. Nikaongeza. Boti inazidi kwenda, yeye anazidi kuwa mdogo, kitenge juu. Abiria wameziba masikio, mama mmoja ananitukana kwa Kifuliiru. Kapiteni ananitazama. Nikaongeza mpaka kitufe kikagota, bafle zinakoroma, jambo ambalo ningemfukuza mwanafunzi kwa kulifanya. Hakikushuka. Hakikwenda begani. Kilikuwa juu mpaka macho yangu yakashindwa.

Safari hii sikutapika. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 17 Juni

Nyumbani. Vumbi juu ya meza, radio ya jirani.

Haji ameridhika. Ameuliza tu kwa nini kitufe kimekutwa mwisho, anaogopa ampli itaungua. Ana haki. Nimekirudisha pale kitenge kilipokaa begani. Nimepaweka alama kwa ile rangi ya kucha aliyoiacha dirishani, nyekundu, nusu imekauka. Halafu nimeweka alama ya pili, kule mwisho.

Kapiteni nimemweleza. Safari nzima, alama ya kwanza. Lakini kila mukiondoka Baraka, mukishageuka, fungua mpaka ya pili, kwa muda wa wimbo mmoja, kisha rudisha. Ameuliza ni kwa ajili gani. Nimemwambia bafle zinahitaji.

Amesema sawa, atafanya. Boti inaondoka tena Alhamisi.