Damu ya Binti Yako Chini ya Hadubini

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima, na paa limeacha kuvuja. Binti yako ameota meno mapya ya mbele, akicheka ni wewe mtupu.

Usinikasirikie. Ile dawa ya ugonjwa wake wa selimundu uliyoikataa, ukisema itampunguzia askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, anaimeza mwezi wa tano sasa. Mtoto alilazwa kwa maumivu makali, tukakuficha, na mkeo akatia sahihi.

Siku ile alipolazwa, mimi mwenyewe niliipima damu yake kule maabara. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili, lakini nilirudia kuhesabu mara tatu. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi ajabu! Daktari akaniambia, "Zikizidi hivi zinanata kwenye kuta za mishipa, na zile nyekundu zilizopinda zinakwama hapo. Njia inaziba." Kaka, ni askari walewale wanaomlinda!

Jana zile nyeupe zilikuwa zimepungua kwa dawa, zikabaki za kutosha kumlinda. Nikamwita mtoto aangalie kwenye hadubini. Alifumba jicho moja, akanong'ona, "Shangazi, hizi zote ni zangu?"

"Zako zote."

"Nzuri!"

Akatoka mbio uani. Mbio, kaka! Nilisimama mlangoni, nikamwacha akimbie.

Ni mimi dada yako, ninayekuomba radhi.