Magnum, Saaz na shtaka la bangi

CHAMA CHA WAPIKAJI BIA WA NYUMBANI, MUNIGI
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 9 Machi 2002

Mahali: kwa Mama Léocadie. Ua wa chama uko chini ya mawe ya volkano.
Waliohudhuria: Papa Ndagijimana (Mwenyekiti), Mama Dancille, Mama Léocadie, Papa Onésime, Nsengimana Florent (Katibu).
Hakuhudhuria: Papa Twizeyimana. Alituma neno kwamba anaumwa. Mama Léocadie alimwona sokoni akinywa bia ya kiwanda.

KUMB. NA. 1/2002: SHTAKA
Mama Dancille alieleza kwamba juzi, kwenye bariyeri ya barabarani, askari wa watawala wa sasa alifungua mfuko wake wa maua ya houblon, yale yanayotiwa katika bia kuleta uchungu na harufu. Alinusa, akasema: "Mama, hii ni bangi." Aliuchukua mfuko. Mama Dancille aliagizwa afike leo saa tisa kwa kamanda, atie sahihi kwamba ni bangi, la sivyo atafungwa.

Papa Onésime alishauri atie sahihi, yaishe. Mama Dancille alijibu: "Volkano imekula nyumba yangu. Jina langu, hawa batoto wa bunduki hawatalikula."

KUMB. NA. 2/2002: BIA YA KUMWONJESHA KAMANDA
Ili kamanda ajionee kazi ya maua hayo, zilionjwa bia mbili za mtama zilizopikwa wiki jana, kila moja kwa aina yake ya houblon. Ya Magnum, maua yakiwa yamechemshwa saa nzima, ilikuwa na uchungu safi na harufu kidogo. Ya Saaz, iliyotiwa maua moto ukizimwa, ilikuwa na uchungu mdogo na harufu nzuri ya majani.

Mwenyekiti alisema bia isiyo chungu ni uji. Alitaka Saaz nayo ichemshwe tangu mwanzo.

Mama Dancille: "Muzee, harufu yote itaruka na mvuke. Utabaki na dawa ya minyoo."

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Kikao kilikataa.

Saaz ilishinda kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwa kuwa iliyoshtakiwa ni harufu. Mwenyekiti aliyapokea matokeo, akajimiminia tena ya Magnum.

KUMB. NA. 3/2002: UAMUZI
Mama Dancille hatatia sahihi. Wajumbe wote watakwenda naye na bia ya Saaz, kila mmoja akiwa na maua mfukoni. Kama ni bangi, tufungwe wote. Papa Onésime aliuliza kama ni lazima. Mama Léocadie alimjazia mifuko yote miwili.

Kikao kilikwisha saa nane na nusu. Sahihi zimetiwa kabla ya kuondoka, kwa sababu haijulikani tutarudi lini.

Ndagijimana, Mwenyekiti
Nsengimana Florent, Katibu