Mwamba Uliopinda Dira Masasi

Baba,

Shikamoo. Wiki iliyopita nilikwenda Masasi kupima upya, pale chini ya mlima ulipopimia mara ya mwisho. Nilikwenda na Baba Neema, mkuu wa kituo chetu cha vipimo hapa Newala, yule aliyevikataa vipimo vyako.

Unakumbuka alivyokuambia mbele ya wenzako? "Mzee, umesahau funguo mfukoni." Maana chombo cha kupimia sumaku ya dunia hakitaki chuma karibu. Ukarudi Masasi bila funguo, bila saa, hata mkanda umeuvua, suruali umeifunga kwa kamba ya katani. Ukaleta majibu yale yale. Wakacheka. Ukastaafu na jina la mzee aliyechoka macho. Hukulalamika. Mimi iliniuma, Baba. Bado.

Sasa sikiliza. Tulisimika chombo kwenye alama uliyoiacha. Kikaonyesha kaskazini iliyopinda, vilevile kama ulivyoandika. Baba Neema akakagua mifuko yangu, akakagua na yake. Tukasogea hatua kumi kuelekea kwenye mikorosho, upindo ukapungua. Kumi nyingine, ukaisha. Tukarudi kwenye alama, ukarudi. Akaazima jembe kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia, tukachimba. Chini ya udongo mwekundu tukakuta mwamba mweusi, mzito. Jembe tukaliweka mbali. Nikaishusha dira ya mkononi shimoni, ikageuka yenyewe.

Mwili ulinisisimka, Baba, juani pale. Mwamba ule ulikuwa moto wa kutiririka kabla mtu yeyote hajakuwapo duniani. Ulipopoa, chuma kilichomo ndani yake kikaishika kaskazini ya siku zile, na mpaka leo hakijaiachia. Sisi tunapita juu yake na bodaboda, tunapalilia, hatuna habari. Huku Newala tumekalia mchanga, dira imetulia, ndiyo maana hawakukuelewa.

Baba Neema alikaa chini kwenye udongo. Akasema, "Nilimkosea mzee." Kisha akaomba nimpeleke kaburini kwako. Alivua kofia, akasimama pale mpaka miguu yangu ikachoka.

Mama nilipomsimulia alilia, halafu akacheka: "Baba yako alikuwa mbishi wa haki!"

Vipimo vyako vimerudishwa kwenye kitabu cha kituo, na jina lako liko pembeni yake. Nakuahidi nitaufuata mwamba ule chini kwa chini, shamba kwa shamba, mpaka nijue unaishia wapi. Pumzika, Baba. Mungu akurehemu.

Mwanao,
Somoe