Njoroge Kamau Wawili

Mdogo wangu Mwanaidi,

Baridi ya Upper Hill hapa Nairobi inaingia hadi kwenye meno, lakini leo jasho limenitoka. Ile programu yetu huchimbua marekebisho ya zamani na kuyapachika penye hitilafu mpya. Hapa hospitalini faili za wagonjwa zilikuwa zikijirudia, basi ikachagua marekebisho uliyoandikia kliniki ya wajawazito: majina yakilingana, faili ziunganishwe. Majaribio yote yakapita. Bosi akasema, "Iko poa, iwashe." Nikaiwasha.

Nesi akaita, "Njoroge Kamau!" Akaitika mzee mwenye mkongojo. Mtoto aliyemshika koti naye akaitika.

"Sasa mgonjwa ni nani?" nesi akauliza, vidonge vya presha mkononi.

"Ni huyu mjukuu, ako na homa," mzee akasema. "Huku kwetu kijana wa kwanza anaitwa jina la babu yake. Baba yake ni Kamau, na wangu pia alikuwa Kamau."

Nikaangalia skrini. Wote wawili walikuwa mtu mmoja, na dawa za babu zilikuwa za mtoto.

"Usimpe!" nilipiga kelele, foleni nzima ikanigeukia.

Nimeongeza sharti: tarehe ya kuzaliwa nayo ilingane. Usijilaumu, Mwanaidi, kwenye kliniki yako babu na mjukuu hawapangi foleni moja.

Mtunze huyo wa tumboni. Jina la marehemu baba yetu mpe tu, sasa hatamfuta mtu.

Dadako anayekupenda,
Saumu