Kikopo cha Breki

Mpanda, Jumanne, 1996

Itashika, nilimwambia. Deus, mkwe wangu, ana gari lenye kikopo cha mafuta ya breki kilichopasuka. Asubuhi nimekiziba kwa supaglu na majivu, kama ninavyoziba taa na bampa.

"Baba, kweli itashika?"

"Kuliko ndoa yako!"

Akacheka, akampakia binti yangu Anna, wakaenda Kibaoni.

Jioni nimetumbukiza kipande cha gundi iliyobaki, kimeshakauka, kwenye mafuta ya breki, kuchezea tu. Kimelainika kama ugali. Taa hailowi mafuta, kikopo kinalowa, mzee mjinga wee!

Kesho wanarudi. Simu hakuna. Na ule mteremko wa njia ya Kibaoni...

Mama Anna kaniuliza mbona sili. Nimemwambia mboga yake mbaya. Kanuna. Afadhali, akinuna haulizi kitu.