Mkono Tulivu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepoa. Mimi sijambo, ila usingizi umenipa kisogo.

Mjomba anakusalimu. Hapa maabara wote humwita Mkono Tulivu. Mimi nachapa barua za ofisi; yeye hutengeneza utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, utakaokuja kufunika vidonda. Huchovya kioo kwenye chombo cha maji yenye polima, molekuli ndefu kama nyuzi, za chaji chanya, hukisuuza, kisha kwenye cha chaji hasi, hukisuuza tena. Chanya na hasi hushikana, tabaka juu ya tabaka. Unene huamuliwa na chumvi. Anasema pasipo chumvi molekuli hujinyoosha kama mgeni aliyeachiwa kitanda peke yake. Ukitia chumvi, hujikunja kama watoto wenye baridi, na tabaka huwa nene. Alinifundisha hayo wakati wa chai, akicheka kwamba karani asiyejua kuchovya ni mhuri tu.

Hatari ni tone. Tone la chombo kimoja likidondokea kingine, maji hufanya mabonge kama maziwa yaliyochacha, na kazi yote humwagwa. Mwaka huu mabonge yalianza. Mjomba alisingizia dawa mbovu, halafu feni. Ghafla yakakoma, na Daktari, mkuu wetu, akafurahi mno. Akatangaza kwamba wageni wakija Jumatatu, Mkono Tulivu atachovya mbele yao. Mjomba akasema basi itabidi avae tai. Jioni ileile aliniomba nimchapie barua ya likizo, kisha akashindwa kuitia saini.

Mama, mabonge yalikoma kwa sababu anayechovya ni mimi. Mjomba hufunga mlango, husimama nyuma yangu, mikono mfukoni, akininong'oneza nisiwe na haraka, nisubiri tone lidondoke. Mikono yake inatetemeka kama ya Babu, uliyemlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Nimemsihi aende hospitali. Anasema anajua watakachomwambia. Daktari ameipokea ile barua ya likizo bila saini, akaniuliza nani atashika nafasi ya Mjomba Jumatatu. Nimejibu sijui, na naogopa hakuniamini.

Mjomba atafika kwako Jumamosi. Ameniapisha nisikuambie. Atasema amechoka tu, na atakutania, Dada hivi, Dada vile. Mwache atanie. Ila ukimwandalia chai, Mama, usimjazie kikombe. Mtilie nusu, kana kwamba ndivyo unavyomtilia kila mtu.

Wabusu wadogo zangu, nami uniombee.

Mwanao,
karani