Pikipiki ya Kumrudisha Mwajuma

Jumatatu, 8 Julai

Sabuni ya jana haikushika. Nimeirudisha kwenye pipa, nimeongeza soda kali, nimekoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Mawese ya safari hii mepesi kama chai. Mchana nimekula muhogo wa jana bila kuupasha moto. Mwajuma angeniona angecheka, au angenuna. Siku hizi sikumbuki vizuri ni lipi kati ya hayo mawili.

Mke wangu aliondoka hapa Rumonge mwezi wa tano akaenda kwao, juu kwenye vilima vya Minago, kumuuguza mama yake. Mama amepona. Juzi nilimuuliza kwa simu atarudi lini. Akasema, "Njia iko mubaya, Baba Zaina. Na goti langu unalijua." Akaulizia kuku, akakata.

Ni kweli, njia ni mbaya. Ukiacha lami pale Minago ni kupanda tu: michikichi, mawe, kijito kisicho na daraja, kisha mawe tena. Vijana wa pikipiki za abiria ukiwatajia kilima kile wanageuza nyuso.

Basi. Nitanunua pikipiki yangu mwenyewe. Ndogo, ya njia za mawe. Kuendesha najua, nilijifunza ujanani nikipeleka samaki Bugarama. Nitamfuata mke wangu nimlete nyumbani.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda Kabezi kuona skuta ya mwalimu mmoja. Nyekundu, safi, ina kiti laini na nafasi ya kuweka miguu mbele. Mwanamke mwenye kanga angekaa juu yake kwa heshima zake zote. Niliipenda mara moja.

Nikamwomba mwalimu tuijaribu kwenye njia ya nyuma ya nyumba yake. Magurudumu yake madogo kama ya toroli. Jiwe la kwanza tumbo likagonga. Jiwe la pili likagonga zaidi. Kuku wa mwalimu alitupita kwa miguu. Mwalimu aliona aibu, nami nikaona aibu kwa ajili yake. Nikamwambia ni skuta nzuri, ila si ya kwetu.

Nimerudi na vumbi hadi kwenye meno. Nyumbani hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya sala watu walibaki barazani kunywa kahawa. Mimi sikubaki. Sina mazoea hayo.

Jirani yangu Shabani anauza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na ukuta wetu ni mmoja. Hatuzungumzi tangu mwaka juzi. Yeye anasema sabuni yangu inanuka. Mimi nasema ndagala wake. Leo amesikia natafuta pikipiki, akapiga kelele kutoka upande wake wa ukuta: "Muchagua jembe si mukulima!" Anayepanda kilima kile ni mimi, si yeye na ndagala wake.

Lakini neno limeniuma.

Jumamosi, 13 Julai

Ya pili. Ndefu, matairi yenye meno makubwa, ilikuwa ya mradi fulani uliokwisha. Inapanda popote. Ingepanda ukuta wa msikiti. Tatizo, nikikaa juu yake vidole vya miguu vinaning'inia kama vya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Nikisimama kwenye mteremko nitaanguka nayo, na Mwajuma juu. Tena kiti chenyewe chembamba, kiko juu mno, na yeye hapandi kitu kwa kuruka.

Ndayi, fundi wa pikipiki pale sokoni, nilikwenda naye. Kijana mtulivu. Alinitazama nikihangaika kushuka, akasema, "Papa Zaina, hii iko muzuri kwa mutu murefu na hasira." Mimi ni mfupi na sina hasira. Tukaondoka.

Jumanne, 16 Julai

Tumeipata. Ya Kihindi, ndogo, rangi imechubuka, ilikuwa ya dereva wa abiria aliyehamia Uvira. Kiti kirefu, miguu yangu inafika chini yote miwili, na inakunywa petroli kwa adabu. Siku hizi petroli inatafutwa kama dawa, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Ndayi alibadilisha meno ya mnyororo ya nyuma, akaweka yaliyo mengi zaidi. Sasa haina mbio, lakini ina subira. Inapanda polepole bila kulalamika.

Nilifunga kiroba cha sabuni nyuma, kiasi cha uzito wa Mwajuma kwa makisio yangu, nikapanda nacho njia za mashambani. Kiroba hakikuanguka. Nilifurahi mno, nikajikuta nakisemesha. "Shika vizuri, tunafika." Mtu mzima, nasemesha sabuni.

Alhamisi, 18 Julai

Kiti kimeongezwa sponji na fundi wa magodoro. Nimeweka pia vyuma vya kukanyagia, vipana, kwa ajili ya goti lake. Nilipomweleza Ndayi habari za goti aliniangalia kidogo, kama anataka kusema neno, kisha akarudi kwenye spana zake.

Watu wote wananiangalia hivyo siku hizi. Hata muuza mawese. Nadhani wananionea gere kwa pikipiki.

Petroli nimepata chupa mbili tu, baada ya foleni ya tangu asubuhi. Zinatosha kwenda na kurudi.

Jumapili, 21 Julai

Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Nilipanda kilima. Pikipiki haikunisaliti hata mara moja. Kijito nilivuka bila kulowa. Nilifika uani kwao najisikia bwana harusi, kitenge kipya kimefungwa nyuma. Mwajuma alitoka jikoni, akanisalimia, akaniletea kiti. Kiti cha wageni. Nikala wali na maharage. Mama mkwe yuko mzima, anakoroma kivulini. Mjomba wake, Mzee Rajabu, alikuja kukaa nami.

Nilipomaliza kula nikasema, "Haya, Mama Zaina, twende kabla giza halijaingia." Hakuna aliyetikisika. Mwajuma aliangalia chini, akakusanya sahani, akaingia ndani.

Mzee Rajabu akaniuliza, "Mukwe, umekuja na nani?"

Nikasema, "Niko peke yangu. Nimeleta pikipiki."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Muke harudishwi na pikipiki, mukwe. Muke anarudishwa na watu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mke akienda kwao kuuguza, mume humfuata tu, wakarudi. Mke akiwa amemwacha mume, mume huja na wazee wake, wakaketi na wazee wa mke, wakasikilizana. Desturi hiyo naijua tangu utoto. Nilimsindikiza marehemu baba yangu kwenye shauri la namna hiyo. Ila sikujua kama inanihusu.

Nimeachwa tangu mwezi wa tano, na mimi sikujua. Nilikuwa nachagua matairi.

Nimeteremka peke yangu na kile kiti chenye sponji.

Jumatatu, 22 Julai

Sikupika sabuni.

Nilikwenda kwa Ndayi. Nikamuuliza kama alijua. Akafuta mikono, akasema, "Nilizani unajua, Papa Zaina. Mutaa wote unajua."

Mtaa wote. Hata muuza mawese.

Nina hasira naye Mwajuma. Angesema. Halafu najiuliza, angesema saa ngapi? Nani alikuwa anasikiliza?

Jumanne, 23 Julai

Wazee wangu ni nani? Baba amekufa. Kaka yangu yuko Kigoma, ana ndoa zake za kumhangaisha. Kahawa ya barazani sinywi. Harusi za watu napeleka mchango, nakula, naondoka. Nimekaa Rumonge maisha yangu yote na nikikaa chini kutafuta wanaume wawili wa kunisimamia, siwapati. Pikipiki niliipata kwa wiki moja tu.

Nimelia kidogo. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda kwa Shabani. Nimezunguka ukuta, nikapiga hodi mlangoni kwake kama mtu wa mbali. Alikuwa anapepeta ndagala. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema, "Jirani, muke wangu ameniacha. Nahitaji mutu wa kwenda naye kwao."

Hakuniuliza kwa nini. Hakutaja sabuni. Alisema, "Siku gani?" Kisha akaniambia nikae, na mkewe akatuletea chai.

Ndayi naye amekubali. Anasema yeye si Mwislamu na ni kijana, labda si mahali pake. Nimemwambia mahali pake ni popote atakapokubali kukaa upande wangu.

Jumamosi, 27 Julai

Tumekwenda. Kutoka Minago tulijaribu kupanda wote watatu juu ya pikipiki, mshikaki. Shabani ana mwili wa haja. Pikipiki ina subira lakini si mtume. Penye mawe ya kwanza walishuka, mimi nikaendesha mizigo, yaani sukari, majani ya chai na soda za kunywa, wao wakasukuma. Shabani alitukana kilima chote, mti mmoja mmoja. Muda mrefu sijacheka hivyo. Nikaona vibaya kucheka siku kama hii, nikaacha.

Wazee wao walikuwa wametandika mkeka. Mzee Rajabu aliuliza shauri ni nini. Shabani alinisemea vizuri, kwa adabu, hadi nikamshangaa. Kisha Mwajuma akaitwa aseme. Nilijua atasema njia, au goti.

Hakusema hivyo. Alisema tangu mabinti waolewe, mimi humwambia mambo matatu tu: leta chumvi, maji yametoka, funga mlango. Alisema alikuwa anaongea na kuku. "Hajanipiga, hajaninyima," akasema. "Lakini nyumba yake iko kimya sana. Ningekufa mule, angejua siku chumvi ikikosekana."

Hakuna aliyenitetea, kwa kuwa hakuna cha kutetea. Shabani alikohoa. Akasema, "Mie nasikia kila kitu kwa ukuta. Tangu mama huyu aondoke, huyu mutu anaongea na pipa la sabuni. Analieleza siku yake yote. Majuzi ameliambia habari ya skuta ya Kabezi."

Watu walicheka. Mama mkwe alicheka zaidi ya wote. Mwajuma hakucheka, ila aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kama mtu aliyesikia sauti nyumba ya pili na hakuitambua.

Mzee Rajabu akaniambia sasa niseme mwenyewe. Nilisema, "Nyumba imenishinda." Nikasema pia, "Sikujua kuwa umeniacha. Nilidhani ni njia." Zaidi ya hapo sikuweza.

Walikwenda pembeni, wakarudi. Jibu: Mwajuma harudi. Si sasa. Hajasema hataki kabisa. Nikitaka kuja kumwona nije, kama mtu anayekuja kuzungumza.

Wakati wa kuteremka Shabani aliweka mkono begani kwangu. Nilitaka jibu lingine. Nililitaka sana.

Jumanne, 30 Julai

Sabuni imeshika vizuri. Nimekata vipande, nimepanga. Nyumba ile ile.

Ijumaa, 2 Agosti

Nilipanda baada ya sala. Mwajuma alikuwa anamenya muhogo. Nilikaa, nikachukua kisu, nikamenya pia. Nilikuwa nimejiandaa na habari za kumweleza, zikaisha kabla ya muhogo wa tatu. Tukakaa. Ilikuwa taabu. Hata hivyo yeye hakuondoka, na mimi sikuondoka.

Jioni alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja. Nikawasha pikipiki. Alisema kitu wakati naondoka, mlio wa injini ukakimeza. Njia nzima nimejiuliza alisema nini.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nimemweleza habari ya kiroba cha sabuni nilichokifunga nyuma badala yake. Akataka kujua kiroba kilikuwa na uzito gani. Nikapunguza. Akasema mimi ni mwongo, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Kinaanza puani.

Alinisindikiza hadi kwenye migomba. Nikawasha tena. Mazoea.

Nyumbani nimepita kwanza kwa Shabani, tumekunywa chai. Halafu nikaingia kwangu. Chumba cha kulala bado ndicho kibaya zaidi.

Ijumaa, 16 Agosti

Vumbi jingi, ziwa halionekani kutoka kule juu. Mama mkwe ana mafua. Binti yetu Zaina amepiga simu kutoka Uvira, tumezungumza naye sote wawili kwenye simu moja, Mwajuma na mimi, sikio kwa sikio.

Jioni nilipoaga alifunga kanga yake vizuri, akatoka nami. Sikuwasha. Niliishika pikipiki kwa usukani, nikaisukuma, yeye upande wa pili. Tukapita mwisho wa uwanja, tukapita migomba. Alikuwa ananieleza ugomvi wa mjomba wake na jirani kuhusu mbuzi, ugomvi mrefu wenye watu wengi, na mimi nilikuwa nauliza: kisha akasema nini? Kisha? Kijitoni alishika nyuma ya kiti akanisaidia kuivusha. Akasimama ng'ambo, maji yakimdondoka miguuni, akamaliza habari ya mbuzi.

Akasema ameshafika mbali, arudi. Nikasema haya. Nikamngoja avuke, apande, apotee nyuma ya michikichi. Nikakaa pale kidogo. Kisha nikaisukuma tena kipande kizuri, hadi pale ambapo hawezi kusikia mlio, ndipo nikawasha.